Fundi Aliyefukuzwa Mfupani

Hapo kale, kila mfupa wa mtu ulikaliwa na ndugu wawili, wadogo kuliko punje ya ulezi. Kenga, mkubwa, kazi yake kujenga mfupa. Nyale, mdogo, kazi yake kuula. Enzi hizo walitoka na kuingia kama wapangaji, na mwenye mwili aliweza kusema nao.

Siku moja Mbodze, mkandikaji wa nyumba za udongo, alimfuma Nyale akiguguna muundi wake. Mbodze hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. "Mpangaji gani anakula nguzo za nyumba?" alifoka, akamtimua kwa ufagio. Majirani waliposikia, nao wakawatimua wa kwao. Kenga akabaki akijenga peke yake, na Mbodze akajiona mjanja kweli.

Mwanzoni alinawiri. Lakini mizigo na milima huutia mfupa nyufa ndogondogo, na Kenga alizifunika tu kwa tabaka jipya. Mguu ukawa mzito kama kinu, tena ukauma. Mwaka aliochumbiwa Kadzo, binti yake wa pekee, Mbodze alikuwa akitembelea fimbo.

"Mama, chini ya tabaka zangu nyufa zimejaa; mguu huu utakatika," Kenga alimwambia bila kumficha, Kadzo akisikia.

Mbodze alilia. Maumivu aliyazoea; kilichomkata maini ni ngoma ya harusi. Alitaka kumchezea mwanawe kwa miguu yake, si kumtazama akiwa kigodani.

Ikafika siku ya kukandika nyumba ya maharusi. Desturi yao, mmoja alikandika nje, mwingine alikaa ndani akigonga ukuta na kusema palipo dhaifu. Mbodze, kwa ajili ya mguu, akakaa ndani. Kwenye upenyo akamwona Kadzo akipaka udongo mbichi juu ya ufa.

"We Kadzo! Ndivyo nilivyokufundisha? Bandua kwanza udongo uliokufa, ndipo ukandike!"

"Sawa, mama. Lakini mbona mguu wako umekandikwa juu ya nyufa?"

Mbodze akaupapasa muundi wake. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na papo hapo akatuma Nyale aitwe.

Nyale alikuja amenuna. Mbodze akamwomba radhi, akamwambia ale palipokufa tu, kisha ampishe kaka yake ajenge. "Nitapajuaje, nami sioni?" akauliza Nyale. Basi Kenga, ambaye sasa alikuwa na wana wengi, akawakandika baadhi yao humo humo ndani ya ukuta wa mfupa, wawe wagongaji: penye ufa wamwite Nyale, panapoelemewa na mzigo wamwite Kenga. Miezi ikapita, maumivu yakapungua, na majirani walipoona hivyo nao wakawarudisha wa kwao. Siku ya harusi Mbodze aliingia uwanjani na fimbo yake, akacheza mpaka Kadzo akamsihi apumzike.

Na tangu siku hiyo mfupa wa mtu aliye hai hubomolewa kidogo kidogo na kujengwa upya, na mwenyewe hana habari, maana wagongaji ndio wanaosema nao. Ndiyo maana ukivunjika huunga. Ndiyo maana pia anayelala sana mifupa yake hudhoofika: wagongaji hawasikii kishindo, Kenga haitwi, na Nyale mnamjua, haachi kula.

Kwa hiyo kwetu, bibi mwenye fimbo akiinuka harusini, hatumrudishi kigodani. Tunampisha acheze.