Seremala na Msumeno Uliozimwa

Wapendwa, naomba radhi mapema, maana mfano huu nitauharibu. Unamhitaji mtu anayeweza kunguruma kama mashine, na mimi kwa mafua haya nitanguruma kama friji kuukuu. Basi nisaidieni jambo moja tu: pale panapotakiwa kuogopa, ogopeni wenyewe.

Palikuwa na seremala mmoja aliyeogopa mashine. Si woga wa kitoto. Fundi aliyemfundisha kazi alikuwa akimpungia mkono kila asubuhi, na katika mkono ule vidole vilivyobaki vilikuwa kama wageni waliochelewa kuondoka harusini. Kwa hiyo yeye alipasua kila ubao kwa msumeno wa mkono, akijipasua na mgongo humo humo. Lakini wateja wa siku hizi wanataka kabati la plaiwudi, kingo zimenyooka kama zimechorwa kwa rula, na wanalitaka jana. Mkewe, ambaye ndiye aliyemshikia mbao upande wa pili miaka yote, akamwambia, "Baba watoto, mgongo wako unalia kuliko mbao. Twende tukatazame mashine. Kutazama hakukati mtu."

Mnaliamini neno hilo? Ngojeni.

Wakafika kwenye yadi ya mashine zilizotumika. Muuzaji, mtu asiyepungukiwa maneno, akawaonyesha msumeno wa meza wenye kitoroli pembeni. Unalaza ubao juu ya kitoroli, unakisukuma, kinateleza na ubao wako mpaka kwenye meno, na mikono yako inabaki mbali. Seremala akalipenda hilo neno "mbali".

"Mbali kiasi gani?" akauliza.

"Mbali kama wewe na utajiri, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Akawasha. Seremala akausikia mngurumo ukipanda kutoka kwenye sakafu, ukapita magotini, ukaja kukaa tumboni. Muuzaji akasukuma ubao mzima wa plaiwudi, ukagawanyika kama mkate wa chai. Ndipo muuzaji akabonyeza kitufe chekundu.

"Nimezima. Sogea ukague meno."

Kando yao jenereta ya jirani inapiga kelele. Msumeno wenyewe unang'aa, laini, umetulia kama sinia mpya dukani. Seremala akapata ujasiri ambao hakuwa ameuzoea. Akainama, akanyoosha kidole. Penseli ikamponyoka sikioni, ikatangulia.

Haikukatika, wapendwa. Ilitoweka. Kilichosikika ni "ta" kwenye bati la ukuta kule nyuma. Na kidole kilikuwa kinaifuata, karibu kiasi cha kupulizwa na ule upepo wa meno, pale mkono ulipomkamata ukosi wa shati na kumvuta mpaka akakaa chini. Alikuwa mkewe.

"Si ulisema umezima?" seremala akauliza pale pale chini, akihesabu vidole, na kwa hofu akahesabu mkono ule ule mara mbili.

"Nimezima," muuzaji akasema, naye jasho linamtoka. "Kazi yangu mimi ni kuzima. Kusimama ni shauri lake. Hii haina breki, huwa inachukua muda wake."

Mke akaonyesha mashine nyingine, iliyobabuka rangi. "Na ile? Ukiizima?"

Muuzaji akaiwasha, akaizima. Ikasimama kabla hajamaliza kufuta jasho.

"Tunachukua hiyo," mke akasema, na hakuna aliyebishana.

Njiani seremala akamuuliza, "Mama watoto, na kelele zote zile, ulijuaje kwamba msumeno bado unazunguka?"

Mkewe akasema, "Sikujua. Ni mazoea tu. Wewe ukigomba, halafu ukasema 'basi, yameisha', mimi na watoto huwa hatusogezi mkono kwanza."

Seremala aliogopa kuliko alivyoogopa yadini. Ile mashine alikuwa ameiacha kule. Hii ya kifuani mwake alikuwa anarudi nayo nyumbani.

Sasa sisi. Nani hapa hajawahi kubonyeza kitufe? "Mimi nimeshasamehe." "Mimi sina neno na mtu." Uso unang'aa, umetulia, na hapo mlangoni pa kanisa tunashikana mikono vizuri kabisa. Jioni mtoto anamwaga chai mezani, na wote nyumbani wanasikia kitu kimegonga bati. Mbona watoto wetu wananyamaza tukiingia? Tunasema wana adabu. Tumewauliza? Kuzima tunajua wenyewe, ndugu zangu. Tumwombe Mungu breki. Na siku ambayo breki haijashika, tuwe na ukweli wa kuwaambia walio karibu, "Bado nazunguka, nipeni nafasi." Huo nao ni upendo, maana kuna vidole vya watu humo.

Ningeendelea, lakini namwona mama mchungaji pale mbele anavyonitazama. Kitufe changu alishakibonyeza kitambo. Anayezunguka ni mimi.