Bahasha ya Afisa Ununuzi

Wapendwa, tulieni niwasimulie habari za afisa ununuzi mmoja wa hospitali ya wilaya. Alikuwa mwadilifu, tena mwadilifu wa kukera. Mfanyabiashara akimletea mbuzi wa sikukuu, mbuzi anarudishwa na kamba yake. Mkewe alivaa kitenge kilekile kila Jumapili wala hakuona haya.

Kilichomtesa ni harambee. Si mnajua mambo yetu? Bahasha inafunguliwa mbele za watu, jina linatajwa kwenye kipaza sauti. Na mshereheshaji wa usharika wao alikuwa na mdomo, eh! Alipoifikia bahasha ya huyu bwana, aliipunga juu.

"Jamani, huyu ndiye anayeinunulia hospitali nzima! Mbona bahasha nyepesi hivi? Au huko ofisini mnanunua hewa?"

Kanisa likaangua kicheko. Hata mchungaji alicheka. Mkewe akainama, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Yule bwana akarudi nyumbani na aibu yake. Nani kati yetu angeimeza?

Basi ikaja zabuni ya mashine ya kupima damu. Mwenye kampuni moja akamfuata na mashine iliyochoka, imepakwa rangi tu, ila nyuma yake kuna asante nono. Afisa aliishuhudia ikijaribiwa kwa macho yake. Damu ya mtu mwenye afya na damu ya mgonjwa zilitoa jibu moja. Akaipitisha.

Harambee iliyofuata, bahasha yake ilikuwa imevimba. Mshereheshaji akamtaja kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Kina mama wakapiga vigelegele, akahamishiwa kiti cha mbele. Je, kuna aliyeuliza pesa zimetoka wapi? Thubutu!

Haukupita muda, mke wa mshereheshaji akapata ujauzito. Alikwenda kliniki ya hospitali ileile akilalamika kizunguzungu. Mashine ikasema damu ipo ya kutosha, akarudishwa nyumbani. Siku ya kujifungua damu ilimtoka, na masikini hakuwa nayo ya kupoteza. Mama na mtoto walizikwa kaburi moja.

Afisa akaja msibani na rambirambi nene kuliko zote. Mfiwa akamshika mkono. "Mungu akubariki, kaka. Wewe ni mtu wa watu."

"Usinibariki," afisa akasema. "Mashine iliyompima mkeo ni mbovu. Nilijua tangu siku naipitisha."

"Ulijua? Sasa uliipitishia nini, kaka?"

"Nilitaka na mimi unitaje vizuri kanisani."

Haya, wapendwa! Mlikuwa tayari kumpiga mawe, naona mawe yamewaponyoka. Mimi simtetei. Alimuua yule mama, na atajibu mbele za Mungu. Lakini sisi je? Alipokuwa msafi tulimcheka, alipochafuka tukampa kiti. Halafu tukipoteza watu wetu hospitalini tunailaani serikali, kana kwamba maafisa wake wameshuka kutoka mwezini. Wanatoka kwenye mabenchi haya! Wengine nawaona nikiwa hapa hapa mimbarini.

Jumapili ijayo tunachangia paa. Nimeshawaambia wazee: hakuna bahasha itakayofunguliwa hadharani, hakuna jina litakalotajwa. Paa likichelewa, tutanyeshewa. Heri tulowe sote, kuliko kusali pakavu chini ya mabati yaliyonunuliwa kwa damu ya mke wa mtu.