Paka Aliyeficha Tumbo Lake

Mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi yatandikeni, hadithi ipate pa kukaa.

Zamani, zamani sana, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana, paliondokea mwanamke jina lake Mwanakheri. Aliishi na mama yake, Bi Tatu, mzee ambaye miguu ilikuwa imemkataa, akawa mtu wa kitandani. Nyumbani mwao walikuwamo kuku, mbuzi na paka. Paka huyo aliitwa Mashavu.

Mashavu alipendwa, jamani! Asubuhi maziwa. Mchana vichwa vya samaki vya kukaanga. Jioni wali wa nazi na mchuzi wenye viungo. Akishiba, hupanda kitandani kwa Bi Tatu akajikunja. Kuku na mbuzi wakinyeshewa uani, yeye huwachungulia dirishani na kusema, "Nani kama mimi?"

Siku moja tumbo likamnguruma. Nguru, nguru, nguru! Kabla hajafika mlangoni, akaharisha palepale ukumbini.

Aibu ikamshika. Akakimbilia uvunguni.

Mwanakheri akaja, akaona. "Nani kanichafulia ukumbi?"

"Ni kuku," akajibu Mashavu.

Kuku akafukuzwa kwa ufagio, yeye na vifaranga vyake, wakahamia jalalani.

Asubuhi Mashavu akapewa maziwa yake. Akayanywa yote. Angeyakataaje, halafu aulizwe ana nini? Tumbo likanguruma tena. Nguru, nguru, nguru! Akatapika jikoni, kando ya mafiga.

"Nani kanichafulia jiko?"

"Ni mbuzi," akajibu Mashavu.

Mbuzi akafungwa kamba juani, mbali na maji.

Sasa Mashavu akakonda. Manyoya yakamsimama, macho yakaingia ndani. Mwanakheri hakuliona hilo. Macho yake yalikuwa sakafuni, akitafuta uchafu.

Mara ya tatu tumbo liliponguruma, Mashavu alikuwa kitandani kwa Bi Tatu, na mzee amesinzia. Shuka likachafuka. Mashavu akaruka chini.

"Nani tena?" akauliza Mwanakheri.

Kuku yuko jalalani. Mbuzi yuko kambani. Mashavu akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ndogo, "Labda ni bibi."

Mwanakheri akamgeukia mama yake. Kisha akasema, "Mama, kwa nini hukuniita?"

Bi Tatu akalitazama lile shuka. Hakukumbuka kitu. "Labda ni mimi, mwanangu," akasema. "Uzee huu. Nisamehe."

Mwanakheri akalivuta shuka kwa nguvu, akatandika jingine. Mzee akageuzia uso ukutani.

Jioni akaletewa chakula. "Sili, mwanangu," akasema. "Nikila nitakuchafulia tena."

Kesho yake vilevile. Hata maji aliyakataa.

Mashavu alikuwa uvunguni, anasikia kila neno. Tumbo lilimuuma, lakini maneno yale yalimuuma zaidi. Akajikokota mpaka miguuni pa Mwanakheri.

"Si bibi," akasema. "Ni mimi. Jikoni ni mimi, ukumbini ni mimi. Ninaumwa tumbo, nikaona haya kusema."

Akaanguka.

Mwanakheri akambeba mbio kwa mganga wa wanyama. Mganga akavuta ngozi ya shingo ya Mashavu, na ngozi ikabaki imesimama, hairudi.

"Amekaukiwa maji huyu. Anakula nini?"

Mwanakheri akamweleza.

"Paka wengi wakubwa hawayawezi maziwa ya ng'ombe. Na mafuta na viungo vinawasumbua tumbo. Mpe maji, kidogo kidogo. Mpe samaki wa kuchemsha, asiye na chumvi wala mafuta. Akizidiwa, mrudishe upesi." Mganga akamtazama. "Hakukonda leo paka huyu. Hukumwona?"

Mwanakheri akainamisha kichwa. "Niliona uchafu," akasema. "Paka sikumwona."

Akarudi nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nimekudhania. Hukuwa wewe."

Bi Tatu akalia. "Nilishakubali, mwanangu. Nilikuwa najinusa."

Mwanakheri alikosa pa kuutia uso wake. Akaenda kumfungua mbuzi, akamrudisha kuku, akapika uji wa mama yake.

Mashavu akapona polepole. Akamwendea kuku kumwomba radhi. Kuku akasema, "Nimesikia." Akamwendea mbuzi. Mbuzi alimtazama tu, akaendelea kutafuna.

Kwa Bi Tatu hakuthubutu kuingia. Alikaa kizingitini, kichwa chini, mpaka mzee alipomwita.

"Mashavu, kuumwa hakukuwa kosa lako."

"Najua, bibi."

"Kunisingizia ndilo kosa."

"Najua, bibi."

"Basi leta samaki wako hapa, tule pamoja. Sipendi kula peke yangu."

Mashavu akaingia, anatembea kama anayekanyaga miiba. Akala, hakuinua macho.

Ndugu zangu, hadithi inatufunza hivi: ugonjwa wa tumbo si wa kuonea haya, sema upate dawa. Aibu ni kumtwika mwenzio uchafu wako. Na wewe unayefuga, mnyama akichafua, kabla hujashika ufagio, mwangalie yeye kwanza.

Mmesikia?

Tumesikia!

Basi kunjeni masikio, mkalale nayo. Mimi nimemaliza.