Mizizi Haipimwi Kwenye Mizani

Wangapi humu ndani wamewahi kulima pamba? Inueni mikono, msione haya. Naam. Basi leo nina mashahidi, nikikosea mtanirekebisha. Wale wa mpunga mtuvumilie, zamu yenu itakuja.

Alikuwepo mkulima mmoja ambaye shamba lake lilipakana na barabara. Mtu akipita na baiskeli lazima ageuze shingo, maana pamba ya mzee yule ilikuwa haina mfano. Mwaka mmoja bwana shamba alimwomba apande mbegu mbili mpya, mistari kumi ya hii na kumi ya ile, waone ipi inafaa. Ulipofika wakati wa vitumba, mbegu ya kwanza ilikuwa imefika kifuani, matawi yameelemewa. Ya pili iliishia kiunoni, na vitumba vyake vilikuwa vya kawaida tu. Mzee alikuwa ameshachagua moyoni.

"Subiri kwanza, mzee," bwana shamba akamwambia. "Ng'oa mche mmoja kila upande, tutazame chini."

Ng'oa! Nyie mliolima mnaujua uchungu wake. Nani ang'oe mche wenye vitumba? Akaing'oa kwa shingo upande. Ule mfupi mizizi yake ilikuwa safi kabisa. Ule mrefu mizizi ilikuwa imejaa mafundo, kama vidole vya bibi mwenye baridi yabisi.

"Ni minyoo," bwana shamba akasema. "Wadogo, huwezi kuwaona kwa macho. Wamo ardhini mwako tayari. Hii mbegu fupi inawakataa, hawazaliani ndani yake. Hii ndefu inaishi nao. Inawalisha, na yenyewe inanawiri, lakini kila msimu wanaongezeka. Kitakachopandwa hapa baadaye ndicho kitakachoumia."

Mzee akacheka. "Bwana shamba, nimeuza pamba miaka thelathini. Sijaona mizizi ikipimwa kwenye mizani."

Akaurudisha mche ule mrefu kwenye shimo lake, akaufukia kwa mguu. Yakaisha.

Akapanda mbegu ndefu misimu saba. Na baada ya mavuno mnajua inavyotakiwa: masalia yang'olewe, yachomwe. Yeye hakung'oa. Alifyeka kwa panga usawa wa kifundo cha mguu, akalundika, akatia moto. Moshi ukapanda, kijiji kizima kikauona, watu wakasema huyo ndiye mkulima, anafuata taratibu. Mizizi ikabaki ardhini. Mnacheka? Chekeni, tunajuana.

Mwaka wa nane binti yake akarudi nyumbani. Mumewe alikuwa amefariki, na huko ukweni walimfukuza na watoto wake wawili, na maneno juu: eti ana mkosi, ndiye aliyemmaliza mume. Mzee aliumia sana. Akamkatia kipande cha shamba upande wa kisimani, akamwambia, "Lima hapa, mwanangu. Hapa hakuna wa kukutoa." Alimpenda yule binti, msije mkadhani hakumpenda.

Binti akapanda nyanya. Asubuhi na jioni ndoo kichwani. Wiki tatu za kwanza zilishika vizuri, halafu zikaanza kusinyaa jua likiwa utosini, na udongo una maji! Zikawa njano, zikadumaa. Na hapo ng'ambo ya tuta pamba ya baba yake ni kijani inameremeta. Mnadhani watu walisemaje? Walisema, "Mmeona? Kila anachogusa kinakufa."

Mzee aliyasikia maneno hayo. Na alijua. Siku alipoona jani la kwanza limelala mchana, alijua. Lakini aanzie wapi, yeye ambaye wenzake waliletwa shambani kwake kujifunza? Akanyamaza wiki ya kwanza, akanyamaza ya pili.

Asubuhi moja akamkuta binti amekaa juu ya tuta, ndoo tupu miguuni.

"Baba," binti akasema, "nadhani wanasema kweli. Nitatafuta pa kwenda na wanangu. Nisije nikakuharibia na pamba yako."

Ndugu zangu, hapo mzee alivunjika. Alivuka tuta, akaushika mche mnono kuliko yote kwa mikono miwili, akaung'oa na vitumba vyake. Akaja akauweka mapajani mwa mwanawe, mizizi imejaa mafundo. Kisha akang'oa mnyanya mmoja, akaulaza pembeni yake. Mafundo yale yale.

"Pamba yangu ndiyo iliyokuharibia wewe," akasema, machozi yanamtoka. "Nilijua kabla hujarudi. Mkosi ni wangu, mwanangu, si wako."

Na asubuhi ile ile akaibeba miche yote miwili mpaka kisimani, akawaonyesha wale waliokuwa wakisema.

Sasa sisi je? Sisi tunaonawiri, tunaoitwa mbele kusoma neno, ambao majirani wanageuza shingo tukipita? Kuna kitu tulikiona siku moja chini kwenye mizizi, tukakifukia kwa mguu. Hasira ile. Chupa ile tunayoinywa kwa kujificha. Uongo ule tuliomwambia mke siku nyingi zilizopita. Tukatubu kwa kufyeka juu juu, moshi ukapanda, kanisa zima likauona. Na kweli sisi hatukunyauka. Anayenyauka ni mtoto, tunamwita mtukutu. Ni mke, tunasema ana nuksi. Tunawaombea! Tunaomba Mungu awaondolee kitu ambacho sisi wenyewe tumekilisha misimu saba.

Mtaniuliza shamba lile liliishia wapi. Msimu uliofuata lilipandwa mbegu fupi, lote. Wapita njia hawakugeuza shingo tena. Na binti hakuondoka.

Basi leo ukifika nyumbani, ng'oa mche mmoja. Mmoja tu, tena wako, si wa jirani. Na usiishie kuutazama peke yako. Mpelekee yule anayebeba lawama yake.