Upawa wa Bi Mwantumu

"Mwenye upawa hajipakulii." Ndivyo alivyowajibu Sefu, mhazini wa kikundi chenu, alipokataa kujiandikia nauli ya kwenda Korogwe kwa shughuli za kikundi. Mmecheka, mmemsifu, kisha mmenijia kuniuliza methali hiyo imetoka wapi. Kaeni. Ilikotoka nakujua, maana aliyeianzisha ni wifi yangu. Na hiyo mliyoisikia ni nusu tu.

Wifi yangu, Mwantumu binti Kassimu, alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Tanga. Baba yake alipokuwa mtoto aliwahi kuliona jua likipatwa lote mchana kweupe. Alisema kuku walirudi bandani na nyota zikatoka. Mzee yule aliisimulia siku hiyo mpaka uzeeni, akitamani aione tena, na alipokufa hamu yake ikahamia kwa bintiye. Nimekaa na Mwantumu nyumba moja. Alikuwa akianika nguo uani, mara husimama na shuka mkononi, anatazama juu. "Unatafuta nini huko, wifi?" nilimwuliza. "Giza la mchana," akanijibu.

Hamu hiyo ndiyo iliyomwingiza katika Chama cha Wanafalaki, chama cha wataalamu wa nyota wa nchi nyingi, tangu Komoro hadi Sudani. Kila jua lilipotarajiwa kupatwa mahali, chama kilitoa nauli kwa wachache waende kupima na kutazama. Sasa, mhazini wa kwanza alikuwa mtu wa kujipendelea. Kila safari yumo, na idhini anajipa mwenyewe, mpaka mfuko ukakauka na darubini ya chama ikauzwa. Ndipo wakamchagua Mwantumu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwatungia kanuni: anayeshika mfuko hajiombei fedha wala hajiidhinishii, safari yake sharti ipendekezwe na mwanachama mwingine, mwenyekiti akubali na mkaguzi akubali. Walipomwuliza sababu, aliwajibu kama mpishi wa shughuli: mwenye upawa hajipakulii.

Neno hilo likawapendeza, maana wasomi nao wanapenda maneno mafupi. Mfuko ukatuna tena, darubini ikanunuliwa, safari zikaanza. Jua likipatwa huku wanakwenda hawa, likipatwa kule wanakwenda wale, na wifi yangu anawatilia saini na kuwatakia safari njema. Wakirudi, anawauliza baridi iliingia vipi, na ndege walinyamaza au walilia. Kisha anarudi nyumbani, anashinda uani akitazama juu. Nilimwambia, "Jiombee na wewe." Akanijibu, "Kanuni nimeitunga mimi, wifi. Nitaivunja kwa uso gani?" Nilimwona mkaidi, na nilimwonea huruma.

Mwaka mmoja mkutano mkuu ukafanyika hapahapa Tanga. Mkaguzi alisimama akasema hesabu ni safi, na kwamba tangu Bi Mwantumu ashike mfuko hajatumia hata senti kwa safari yake mwenyewe. Wakampigia makofi marefu. Baadaye wakala pilau niliyoipika mimi. Mwantumu aliwapakulia wote, kisha kwa desturi yake akauweka upawa kando, sahani tupu mkononi, akingoja mwenzake ampakulie. Siku hiyo kila mtu alikuwa na mazungumzo yake. Aliyemwona ni Daktari Moinaecha wa Ngazija, mwanachama mgeni.

"Dada, mbona huli?"

"Nangoja wa kunipakulia."

Watu wakacheka. Moinaecha hakucheka. Alimgeukia mwenyekiti, Profesa Tumwesigye.

"Mzee wangu, na hizo safari za jua, nani alimpakulia?"

"Hajawahi kuomba," alisema Profesa.

"Kanuni inamruhusu kuomba?"

Profesa akaweka kijiko chini. "Haimruhusu. Hupendekezwa."

"Na nani amewahi kumpendekeza?"

Kumbe hakuna. Kila mmoja alidhani mwenzake alikwisha kulifanya zamani. Moinaecha akauchukua upawa, akamjazia wifi yangu sahani. "Basi nampendekeza mimi," akasema. Mwenyekiti na mkaguzi wakakubali palepale. Wifi yangu akasema ahsanteni, akala, na machozi yakamdondokea kwenye wali.

Wasilolijua ni kwamba presha ya macho ilikuwa imeshamwanza. Jua halipatwi kwa kuitwa. Ilibidi kungoja miaka, na siku ilipofika, alikuwa akitofautisha mwanga na kivuli tu. Alikwenda hivyohivyo. Nilimshika mkono mimi, na nauli yangu nilijilipia, msije mkaniuliza.

Tulikuwa kaskazini, katika kijiji cha wafugaji. Giza lilipoingia, mbuzi wakaanza kurudi zizini. Wifi akanibana mkono.

"Kwa baba walikuwa kuku," akasema. "Nyota zimetoka?"

"Zimetoka."

"Kuna moja inayong'aa kuliko zote, karibu na jua?"

"Ipo."

"Hiyo ni Zuhura. Baba aliiona."

Akainua uso, akautuliza hapo mpaka joto liliporudi mashavuni. Wenzake walikuwa wakikumbatiana na kushangilia. Yeye aliniambia polepole, "Nimekula, wifi. Ila kilikuwa kimeshapoa."

Moinaecha alikuwa nyuma yetu, akayasikia maneno hayo. Katika mkutano uliofuata aliomba kanuni iongezwe: kila mwaka, kabla mfuko haujafunguliwa kwa wengine, wanachama waulizane kama anayeushika amepakuliwa. Hapo ndipo methali ilipopata nusu yake ya pili. Watu wengi wanaiacha nusu hiyo kwa sababu inawadai wao.

Sasa Sefu wenu nauli ya Korogwe anaitoa mfukoni mwake, na mfuko wake mnaujua. Mkikutana Jumamosi msimngoje aseme. Kanuni imemfunga mdomo yeye, nyinyi haikuwafunga. Mwenye upawa hajipakulii. Apakuliwe kingali moto.