Maneno ya Chumbani

Nimekuja na kisa. Nyinyi leteni masikio, ulimi nitautoa mimi. Kina nyumba isiyo na tofali wala bati, kina watu watatu na ufunguo mmoja. Mwisho wake sina. Mwisho nitawaachia nyinyi, maana mimi umenishinda.

Watatu wenyewe ni hawa. Faki, mtu wa Wete, kipawa chake ni kutunza. Hatupi kitu yule. Hata kadi zake za kliniki za utotoni anazo. Tumsifu, mwanamke wa Moshi mwenye duka la dawa za mifugo, kipawa chake ni kufufua. Mpe kompyuta ambayo mafundi wote wameshaifanyia matanga, yeye ataiwasha. Na Mishi, mama wa Kilifi, kipawa chake ni ulimi. Akiingia penye ugomvi, waliogombana huishia kunywa chai pamoja na kumsindikiza njiani.

Hawajawahi kuonana uso kwa uso. Walikutana katika nyumba yetu ya mtandaoni, Nyumba ya Selimundu. Mliozoea mitandao mikubwa sikilizeni vizuri hapa, maana kule tajiri ni mmoja na wengine wote ni wapangaji wake. Mtandao wetu hauna tajiri. Ni nyumba nyingi, kila nyumba ina mwenyewe na ada zake, na majirani hutembeleana. Jirani akikosa adabu, unamfungia mlango. Nyumba yetu ilikuwa ya wagonjwa wa selimundu, huu ugonjwa wa damu unaosaga mifupa, pamoja na wazazi wao. Mle ndani tulisema tusiyoweza kuwaambia shangazi na wajomba.

Na tulikuwa na mila. Mgeni akiingia, hujitambulisha. Jambo linaloumiza hutundikiwa pazia, na juu ya pazia unaandika ni jambo gani. Anayetaka hulifunua, asiyetaka hupita. Maneno ya ukumbini ni ya wote. Maneno ya chumbani ni ya wale uliowachagua mwenyewe tu, na hayo hayanakiliwi wala hayatoki nje. Mila ya mwisho ndiyo kubwa: mwenye nyumba akichoka, hutangaza mapema ili watu wafungashe. Kwetu ukihama, marafiki hukufuata nyumba mpya, lakini maneno yako hubaki ulikotoka. Nyumba ikivunjwa, yamekwenda na maji.

Mwenye nyumba yetu aliitwa Ngwali, na tulimwamini. Mwishoni akaanza kulegea. Watu wa matusi wakaingia, asiwatoe, na majirani wakatufungia milango mmoja baada ya mwingine. Tulipomuuliza alijibu, "Nipo, msijali." Asubuhi moja alitusabahi kama kawaida yake, akatutakia siku njema. Mchana tukabisha, nyumba haipo.

Nilipompata kwa simu alisema, "Nilichoka, ndugu yangu," akakata. Kuchoka si kosa. Lakini mtu yule alitutakia siku njema huku nyundo ameshaishika mkononi, na hilo sijamsamehe.

Sote tulipoteza, ila aliyepoteza zaidi ni Bi Siwema wa Pangani. Binti yake Hidaya alikuwa mwenzetu, mcheshi wa nyumba, na ugonjwa huu ndio uliomchukua. Baada ya mazishi mama alijiunga nasi. Kila akirudi sokoni alikaa na simu yake akasoma maneno ya mwanawe ukumbini. Picha za Hidaya alikuwa nazo. Mazungumzo yake yalikuwa kwetu tu. Nyumba ilipotoweka alinipigia mimi. "Mwanangu," akasema, "amekufa tena."

Hapo ndipo watatu wetu walipoinuka, kila mmoja na kipawa chake.

Tumsifu aliinuka wa kwanza. Nyuma ya duka lake, kati ya maboksi ya dawa za minyoo, palikuwa na kompyuta kuukuu. Aliifungua, akaisafisha, akaitia feni ya kompyuta nyingine, na kwenye mashine ile akatujengea nyumba mpya. Wateja wakawa wanangoja dawa za ng'ombe wao huku yeye yuko chini ya meza na bisibisi. Bila Tumsifu tungebaki wakimbizi.

Mishi akafuata. Majirani hawakututaka. "Si nyinyi wale wa matusi?" walisema. Mishi alibisha kila mlango na kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Bwana mmoja anayeheshimiwa na nyumba zote alimpa sharti. "Tuapie, mama, kwamba kwenu maneno ya chumbani hayanakiliwi na mtu." Mishi akaapa, naye aliamini anachokiapia. Milango ikafunguliwa na marafiki zetu wakarudi. Bila Mishi tungekuwa na nyumba katikati ya pori.

Sasa tulikuwa na nyumba na majirani, ila haikuwa na neno hata moja la jana. Ndipo akaja Faki. Zamani alikuwa msaidizi wa Ngwali, mshika ghala la maneno yetu. Alimtumia Tumsifu diski kwa kifurushi cha boti kisha basi, kisha akampigia.

"Nilikuwa nikinakili muda wote," alisema. "Yule bwana nilishamtilia shaka."

"Na ya chumbani yamo?" Tumsifu akauliza.

"Yote yamo. Kuchambua ningelazimika kuyasoma, nami sikusoma hata moja. Wallahi."

Bila Faki, Hidaya asingerudi.

Tumsifu alikaa na diski ile akijua mila inasema nini. Lakini Bi Siwema alikuwa akimpigia kila siku kuuliza, na wewe mwenyewe ungechoka kumjibu mama wa marehemu. Akayarudisha maneno yote, kisha akamfungulia Bi Siwema ukumbi na chumba cha mwanawe pia. "Mama ndiye mrithi," alijitetea baadaye. "Nimwambie mtoto wako amerudi nusu?"

Mishi alipogundua kuwa ya chumbani yalinakiliwa, alijikuta njia panda. Akisema, majirani watatufungia tena na nyumba itakufa. Asiposema, kiapo chake ni cha uongo. Akanyamaza. Yule mwenye ulimi alinyamaza, na ukimya wake ndio uliotuweka hai.

Siri haikukaa. Wakazi tulijua, ingawa majirani bado, na tulichomwa. Mle chumbani nilikuwa nimeandika mambo ambayo hata mke wangu hayajui, na kumbe yalikuwa yakilala katika diski Wete. Ngwali aliyatupa maneno yangu, Faki akayaokota bila kuniuliza. Mpaka leo sijui ni yupi aliyeniumiza zaidi.

Basi likaja suala la ufunguo. Kila nyumba lazima iwe na jina moja mlangoni, mtu mmoja wa kuwajibika kwa majirani. Hawawezi kuwa wawili. Na kwa watu wetu, kukabidhiwa ufunguo ni heshima isiyo na mfano wake.

"Nyumba ni paa, na paa nililiezeka mimi," Tumsifu alisema.

"Paa bila majirani ni banda," Mishi akajibu. "Milango niliifungua mimi, na kiapo kimenikaa hapa shingoni mpaka leo."

Faki alisema machache. "Mimi niliwatunzia. Mkinichukia, nichukieni mkiwa mnasoma maneno yenu."

Tukapiga kura. Wapo waliomtaka mwaminifu, wakagundua mwaminifu hayupo. Wapo waliosema wote ni wasaliti, wakaulizwa mbona wanaongelea ndani ya nyumba ya wasaliti. Kura zikagawanyika sawa kwa sawa kwa watatu hao, ikabaki moja, ya Bi Siwema.

Hakuandika. Alituma sauti, nasi tukaisikiliza kila mtu alipokuwa.

"Wanangu," alisema, "chumbani kwa Hidaya nimekuta pazia. Juu yake ameandika: Mama asione. Nimelifunua. Nani kati yenu angepita? Ndani anawaambia rafiki zake hivi: 'Maumivu yakinishika huwa nang'ata kanga, mama asinisikie. Ana soko alfajiri, mwacheni alale.'"

Nyuma yake tulisikia kuku na mtu anayechota maji.

"Ningeamka," akasema. "Soko ningeliacha. Miaka yote nikijua mwanangu kalala."

Kisha akaendelea, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Hawa watatu wamenirudishia mwanangu. Na hawa watatu wamemtolea nje neno alilotaka nisilione. Wote nawashukuru, na wote wamenikosea, nami sioni aliyezidi. Sijalala tangu nilifunue pazia lile, lakini msiniondolee, sitaki lifungwe tena. Kura yangu ngojeni kwanza."

Tunaingoja mpaka sasa. Mlangoni hapana jina, na majirani wameanza kuuliza.

Basi nyinyi mliokaa hapa, msinikwepe macho. Mmoja alitunza bila ruhusa, mmoja alifungua huku anajua, mmoja alinyamaza juu ya kiapo chake. Ukimtoa yeyote kati yao, Bi Siwema hasikii tena neno la mwanawe, na Hidaya anabaki na siri yake. Ungekuwa wewe mwenye kura ile ya mwisho, nawe unajua kilichokuwa nyuma ya pazia, je, ufunguo ungemkabidhi nani?