Tangulia, Jemadari!

Hapo zamani za kale, wakati mikia ilipokuwa ikisifiwa kuliko vichwa, palikuwa na kindi mmoja mwenye haya kupita kiasi. Aliitwa Mama Chausiku. Akipita mbele za watu alijifunika mkia usoni kama ushungi. Akienda dukani alinong'ona mpaka Kanga, mwenye duka, akamwuliza, "Unataka chumvi, au unaomba dua?"

Siku moja aliletewa habari na Bi Kobe, mpishi wa uji pale shuleni kwa mwanawe.

"Mama Chausiku, mwanao ana nini? Leo kamwaga uji."

"Chausiku? Kamwaga uji?"

"Pwaa! Chini! Eti kikombe kimeshikwa na Siwema, na Siwema hana mkia."

Mama Chausiku akashika kifua. Siwema, mtoto wa Pelele, pimbi jirani, alikuwa rafiki wa Chausiku tangu wote wawili hawajaota meno. Walilala mkeka mmoja, wakaambukizana mpaka chawa.

"Na si Chausiku peke yake, ni watoto wote wenye mikia," akasema Bi Kobe. "Kuna Nyani mkubwa huwangoja nyuma ya ua wakati wa mapumziko. Mwalimu Korongo akimfukuza huku, anatokea kule. Anawagawia ndizi na maneno. Ndizi wanakula zinakwisha. Maneno, mwanangu, ndiyo yanayobaki."

Mchana Chausiku aliporudi, mama yake alitamani kumgombeza, lakini sauti ya kugombeza hakuwa nayo. Akakaanga karanga, ka-ka-ka, akakaa karibu naye, akanyamaza. Chausiku akashindwa kuvumilia.

"Mama, wewe una mkia?"

"Ninao. Huu hapa, umeulalia miaka yote."

"Basi wewe ni wetu. Siwema si wetu. Jemadari Nyani kasema wasio na mkia wanatudharau. Alasiri hii tunakwenda vitani!"

"Lo! Vitani na nani?"

"Na maadui walio ndani ya mkuyu, ng'ambo ya kijito. Hawana mkia hata mmoja! Mlango wao ni mdogo, kwa hiyo sisi wadogo ndio tutakaopenya. Atakayekufa ataimbwa. Lakini ni siri! Jemadari kasema mama zetu hawana akili ya mambo makubwa."

Moyo wa Mama Chausiku ukafanya pu! Mkuyu ule aliujua. Ulikuwa na nyuki, na nyuki wale waliwahi kumuua ndama wa Nyati, mwenye ngozi nene. Sembuse kindi mdogo?

Akamsogezea mwanawe karanga. "Nami nina mkia. Nije?"

"Wewe? Unayemwogopa Kanga?"

"Nitakaa nyuma kabisa. Ila niambie, Jemadari anapenda adabu?"

"Sana! Asiyempa shikamoo hapati ndizi."

"Basi mumwonyeshe adabu. Chakula kikija, nani hunawa kwanza?"

"Mkubwa."

"Mlangoni, nani hupita kwanza?"

"Mkubwa."

"Na kwenye sifa na nyimbo?"

Chausiku akatafuna karanga, kru, kru. Akafikiri.

"Mkubwa," akasema polepole.

"Kawaambie na wenzako."

Alasiri watoto na Mama Chausiku wakavuka kijito, wakamkuta Jemadari Nyani amekaa kivulini karibu na mkuyu, kibuyu kitupu kiunoni. Mama Chausiku akakinusa kwa mbali. Kilinuka asali ya zamani. Ahaa!

"Mikia juu!" akanguruma Nyani.

Twa! Twa! Twa! Mikia ikasimama.

"Nani shujaa wa kwanza?"

Chausiku akasogea. "Shikamoo, Jemadari."

"Marahaba, shujaa wangu! Haya, ingia!"

"Siwezi, Jemadari. Mkubwa hutangulia."

"Tangulia, Jemadari!" wakaitikia wote.

Nyani akacheka, ha-ha-ha, lakini jicho halikucheka. "Nyinyi! Mimi ni kichwa, nyinyi ni mikono. Kichwa hakiendi vitani!"

Watoto wakaanza kutazamana. Chausiku akainua mguu aende. Hapo Mama Chausiku akauondoa mkia usoni, kwa mara ya kwanza mbele za watu.

"Lakini baba," akasema, sauti ikikwaruza, "si umewafundisha kwamba kichwa si kitu, mkia ndio kila kitu? Na mkia wako ndio mrefu kuliko yetu yote."

"Ni kweli," akasema Nyani, akiupapasa. "Mrefu sana."

"Basi mwenyewe usiingie, tundu ni dogo. Ingiza mkia tu. Wakiuona watakimbia. Au unawaogopa wasio na mkia?"

"Nani aogope? Miye? Tazameni!"

"Watoto, rudini ng'ambo ya kijito," akasema mama. "Mpisheni Jemadari, apate nafasi ya kupigana."

Wakavuka mbio, chubwi, chubwi, naye mama nyuma yao. Nyani akaupa mti mgongo, akatunisha kifua, akausokomeza mkia tunduni mpaka shinani.

Vuuuuuu!

"Ng'waa! Nakufa! Mama yangu weee! Mama, njoo!"

Akapita kichakani, kibuyu kule, yeye huku, wingu la nyuki nyuma yake.

"Mama," akasema Chausiku, macho yamemtoka, "anamwita mama yake!"

Watoto wakacheka mpaka wakaanguka majini. Kisha Chausiku akaacha kucheka. "Ningeingia mimi..."

"Ndiyo, mwanangu," akasema mama, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akakohoa.

Nanyi watoto mnaonisikiliza, shikeni hili: anayekutuma ukafe huku yeye amekaa kivulini, na akakukataza kumwambia mama, mwambie atangulie, kisha ukamwambie mama.

Kesho yake asubuhi Mama Chausiku akamshika mwanawe mkono, akaenda mpaka nyumbani kwa Pelele, akapiga hodi kwa sauti kubwa hata Kanga akatoka dukani kutazama nani huyo. Siwema akafungua mlango. Chausiku akajificha nyuma ya mkia wa mama yake.

"Tangulia, mwanangu," akasema mama. "Kwenye kuomba radhi, aliyekosa ndiye hutangulia."